Ajali Hii Ina Kinga

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeipiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu wasiweze kuhudhuria.)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Hayo yana siku yake. Leo twataka kusema habari za baiskeli.

Huenda mtu akacheka na kusema, "Chama kizima cha wafanya kazi kimeketi kuzungumza habari za baiskeli?" Ndugu huyo tunamwomba atoke nje kidogo, ahesabu baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Kila moja ina mtu wake humu ndani, na kila mtu ana watu wake nyumbani wanaosikiliza kengele yake jioni. Tena tunaposema baiskeli hatusemi mchezo wala mazoezi ya mwili. Kwetu sisi baiskeli ni nauli. Matatu ya asubuhi ina bei yake, mvua ikinyesha ina bei nyingine, na mshahara haujui kwamba mvua imenyesha. Ndiyo sababu watu watoka Kayole, Dandora na Mukuru gizani wakikanyaga kwenda Eneo la Viwanda. Ndiyo sababu huko Mombasa watu wa Changamwe na Miritini hupita katikati ya malori ya makontena yaendayo bandarini. Ndiyo sababu mtu wa mkate, mtu wa maziwa na mtu wa maji hufunga mzigo nyuma na kuingia barabarani kabla jua halijachomoza.

Basi na tuanze na habari ya mmoja wetu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ameomba hivyo, lakini wengi wenu mnamjua.

Mwenzetu huyo alifanya kazi miaka 11 katika kiwanda kimoja. Asubuhi moja alikuwa anakwenda zamu, naye amebakiza kama mita 200 kufika langoni. Lori la mchanga lilikuja nyuma yake, likampita karibu sana hata kioo cha pembeni kikamgonga bega. Akaanguka upande wa barabara, na gurudumu la nyuma likampanda mguu wa kulia. Dereva alisimama. Twamshukuru kwa hilo, maana wako wasiosimama. Mwenzetu alipona, lakini mguu haukupona. Ulikatwa juu ya goti.

Baada ya hospitali alibisha milango mitatu.

Mlango wa kwanza ulikuwa polisi. Askari aliuliza kwa upole: lori lilikupita kwa umbali gani? Mwenzetu akasema, karibu sana. Dereva akasema, niliacha nafasi, ni yeye aliyeyumba. "Karibu sana" ni neno la mdomoni, halina kipimo. Hakukuwa na umbali ulioandikwa katika sheria ambao mtu angeweza kusema, huyu ameuvunja. Kesi ikalala.

Mlango wa pili ulikuwa bima. Huko aliambiwa: thibitisha kwamba dereva alikosa. Nani aliona? Aliyeona alikuwa mama mmoja auzaye chai kando ya barabara. Mama yule alikwenda kortini mara mbili, kesi ikaahirishwa mara mbili, na siku zote mbili birika lake halikuchemka. Mara ya tatu hakwenda. Hatumlaumu.

Mlango wa tatu ulikuwa mwajiri wake. Huko jibu lilikuwa fupi kuliko yote: hakuwa amepiga kadi.

Ndugu zangu, pimeni neno hilo. Mita 200. Kama mguu ule ungekatwa na mashine ndani ya lango, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ingemhesabia fidia, kwa hesabu inayoanza na mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya ulemavu wake. Mguu ni ule ule, mtu ni yule yule, na safari aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwenda kumfanyia mwajiri kazi. Lakini kwa kuwa alikuwa upande huu wa lango, alipewa pole na mkate wa wagonjwa.

Tulipokwenda kuuliza, kila mahali tulijibiwa kwa methali moja: ajali haina kinga.

Sisi twaiheshimu methali hiyo. Wazee waliisema kwa mti uangukao usiku, na kwa radi. Hawakuisema ili mtu aegemee hapo asifanye lolote. Mti ukianguka hakuna aliyekuwa akiuendesha. Lori lina mwenye kuliendesha, lina mwenye kulituma, lina mwenye kulilipia bima, na barabara linayopita ina Serikali. Mahali penye watu wanne namna hiyo, kinga ipo. Kinachokosekana ni kuiandika.

Na haya si ya mtaa wetu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na katika hao watu 71,000 walikuwa wapanda baiskeli. Tangu mwaka 2010 idadi ya wapanda baiskeli waliokufa imeongezeka karibu asilimia 20, hali vifo vya watu wa ndani ya motokaa vimepungua kidogo. Maana yake ni nini? Ni kwamba wenye mabati ya kuwazunguka wamezidi kulindwa, na wasio na bati wamezidi kuachwa.

Sasa tutazame sheria yetu wenyewe, maana si haki kulalamika juu ya kitu bila kukisoma.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1954, siku za ukoloni, na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Yanayomtaka mpanda baiskeli awe na breki, kengele, na taa usiku yapo, nasi hatuyakatai. Ni mambo ya akili. Sheria hiyo pia humkataza dereva kuendesha kwa hatari au bila uangalifu, na humkataza kupita kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Mwaka 2012 Bunge liliongeza kifungu cha kumwadhibu dereva apitishaye gari juu ya njia ya watu wa miguu. Kwa hiyo Bunge likitaka kuandika jambo moja kwa moja, laweza. Lakini baiskeli ikiwa mbele na lori nyuma, mwenye lori huachiwa neno pana la "uangalifu," na kila mtu ana uangalifu wake. Sheria inamjua mwenye baiskeli siku ya kumdai kengele. Siku ya kumlinda inamtafuta kwa tochi.

Barabarani pamebaki methali nyingine kuwa ndiyo sheria: mwenye nguvu mpishe. Lori likija, baiskeli iingie majani. Na palipo mtaro badala ya majani, iingie mtaroni. Sisi twasema methali hiyo igeuzwe. Mwenye nguvu ndiye aongezewe wajibu, kwa kuwa akikosea yeye, afaye ni mwingine.

Kwa sababu hiyo kamati yenu yataka mambo matatu, moja kwa kila mlango ule.

Jambo la kwanza: umbali uandikwe kwa tarakimu.

Twataka sheria iseme kwamba gari linalompita mpanda baiskeli liache nafasi isiyopungua mita moja na nusu, na likikosa nafasi hiyo lingoje nyuma. Mita moja na nusu haifiki hata pima moja ya mtu mzima aliyenyosha mikono. Si ombi kubwa. Katika Marekani jimbo la Wisconsin liliandika futi tatu mwaka 1973, na leo majimbo zaidi ya 30 yana sheria ya futi tatu au zaidi. Katika Afrika yetu hii, jimbo la Western Cape la Afrika Kusini liliandika mita moja mwaka 2013. Ujerumani mwaka 2020 iliandika mita moja na nusu mjini, na mita mbili nje ya mji.

Watu watauliza, je, askari atatembea na futi ya kupimia? Jibu letu ni hili. Kazi ya kwanza ya tarakimu ni kumfundisha dereva, kama vile kilomita 50 zinavyomfundisha hata mahali pasipo askari. Kazi ya pili huja siku ya ajali. Lori lililomgonga mtu bega kwa kioo likiwa linampita, hilo halikuacha mita moja na nusu. Hapo hapahitaji kipimo. Mwenzetu angaliingia kituoni na neno la kusema, na askari angalikuwa na kifungu cha kuandika.

Jambo la pili: mwenye gari ndiye aeleze.

Leo aliyevunjika ndiye anayetakiwa kuthibitisha kosa la aliyemvunja. Yuko kitandani, hana picha, hana shahidi, na mwingine alizimia asijue hata rangi ya gari. Twataka mzigo huo uhamishwe. Gari likimuumiza mpanda baiskeli au mtu wa miguu, bima ya gari imlipe, ila mwenye gari akithibitisha kwamba jambo lile halikuwezekana kuepukwa kabisa.

Ufaransa ilitunga sheria ya namna hii mwezi wa Julai mwaka 1985, ya kwamba majeruhi asiyekuwa akiendesha gari alipwe madhara ya mwili wake, wala asipunjwe kwa kosa dogo alilofanya. Uholanzi imeandika katika kifungu cha 185 cha Sheria ya Trafiki ya mwaka 1994 kwamba mwenye gari ndiye mwenye jukumu akimgonga mtu wa miguu au wa baiskeli, isipokuwa ajali iwe kweli nje ya uwezo wake. Tena msidhani Waholanzi walizaliwa na amani hiyo. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa katika barabara zao, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi na vijana waliingia barabarani na baiskeli zao wakadai mambo yabadilike. Yalibadilika kwa sababu walidai.

Wengine watasema, mkipata sheria hiyo watu watajitupa mbele ya magari ili walipwe. Ndugu, yuko nani hapa anayeuza mguu wake? Tena fedha zenyewe hazitoki mfukoni mwa dereva. Sura ya 405 ya sheria zetu inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine. Bima hiyo hulipwa kila mwaka. Sisi twataka tu ifike kwa yule iliyokatwa kwa ajili yake.

Jambo la tatu: njia ya kwenda kazini ihesabiwe kazi.

Sheria ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi anayebebwa bure kwenda au kutoka kazini, kwa gari ambalo mwajiri amelitoa kwa ajili hiyo, ahesabiwe yuko kazini. Vizuri. Lakini aendaye kwa baiskeli yake hakuandikiwa maneno kama hayo. Basi tazameni: mwajiri anayetoa gari anabeba dhamana, na mwajiri asiyetoa gari habebi kitu. Yule aliyemwachia mfanya kazi taabu yote ya safari ndiye aliyepunguziwa mzigo.

Ujerumani iliingiza ajali za njia ya kazini katika bima ya wafanya kazi mwaka 1925. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1946. Na Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mkataba nambari 121 wa mwaka 1964, lilitaka kila nchi inayouridhia ieleze ni wakati gani ajali ya njiani ihesabiwe ajali ya kazi, ila ikiwa nchi hiyo ina mpango mwingine ulio sawa na huo. Hatutaki mtu aliyepitia kilabu akaanguka saa nne za usiku alipwe kama wa kazini. Twataka njia ya kawaida, kati ya nyumba na kazi, kwa saa za kawaida. Mita 200 zile zingekuwa ndani.

Mtasema, na njia za baiskeli je? Twazitaka sana. Barabara kuu ya Thika, iliyomalizika mwaka 2012, ilipewa njia za pembeni, ingawa mara nyingi ukipita utakuta humo pikipiki, vibanda na magari yaliyoegeshwa. Kaunti ya Nairobi mwaka 2015 ilitoa sera ya watu wa miguu na baiskeli, na ndani yake imeandikwa kwamba asilimia 20 ya fedha za usafiri ziende kwa hao. Sera hiyo ni nzuri. Lakini sera ni ahadi, na sheria ni deni. Ahadi ikikaa katika droo hakuna wa kuishitaki. Ndiyo sababu leo twasema sheria kwanza.

Sasa neno kwa ndugu zetu madereva, maana wako humu, nao ni wanachama kama sisi. Msione kwamba tunawashitaki. Twajua dereva analipwa kwa idadi ya safari, na utingo wake halali. Twajua lori likikata kona kushoto, mtu wa baiskeli aliye ubavuni haonekani katika kioo. Hayo ni makosa ya kazi ilivyopangwa. Lakini sheria ya umbali inawasaidia hata ninyi. Tajiri akisema "Pita, unachelewa," utakuwa na la kumjibu: sheria hainiruhusu. Leo huna.

Na neno kwetu sisi wa baiskeli. Mtu asiyefunga taa usiku, anayeshika mkia wa lori apate kuvutwa, anayepita njia ya kinyume ili akate mwendo, huyo anatupokonya maneno kinywani. Tutakwenda Bungeni kudai haki, na jambo la kwanza watakaloangalia ni taa zetu. Kila mmoja atazame breki yake leo kabla ya kuondoka.

Maadamu sheria bado ni ile ya sasa, shikeni haya. Ukiangushwa, au mwenzako akiangushwa, andika nambari ya gari, na usome karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, maana jina la kampuni ya bima liko hapo. Chukua jina na simu ya aliyeona, papo hapo. Piga ripoti polisi ukapewe abstrakti, na upeleke fomu ya P3 kwa daktari aijaze. Usikubali kupewa noti mbili za matibabu kando ya barabara na kutia sahihi karatasi usiyoisoma. Kesi ya madhara ina miaka mitatu tangu siku ya ajali, lakini kama gari ni la Serikali una miezi 12 tu. Usingoje. Njoo ofisi ya tawi.

Je, sheria mpya tutaipataje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Ombi hilo laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika jina atatia kidole. Linatakiwa liwe na lugha ya heshima na lieleze tunachotaka, nasi tunacho: mambo matatu. Kamati imeliandika. Litakuwa mezani kwa mhazini kuanzia leo, na kila mjumbe wa chama katika kiwanda atapewa karatasi za kukusanya sahihi kwa zamu zote, pamoja na zamu ya usiku. Tunataka na sahihi za madereva. Tunataka na sahihi za wake zetu na waume zetu, kwa kuwa wao ndio wanaoketi kusikiliza kengele.

Tulipomsomea mwenzetu wa mita 200 hotuba hii kabla ya leo, tulimwuliza kama ana neno la kuongeza. Alifikiri kidogo, akasema mguu wake hautarudi kwa sheria, lakini kijana wake wa kwanza ameanza kazi mwaka huu, na baiskeli anayokwenda nayo ni ile ile. Waliinyosha gurudumu.

Ndugu wanachama, hatuna cha kuongeza juu ya hilo. Karatasi iko mezani, na kalamu iko juu yake.

Umoja ni nguvu.